Taa ya oili inawaka nikipanda Saranda: tope katika njia za oili lisafishwe kwa namna gani?

Mwalimu wa Nkuhungu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Ninalo gari aina ya Toyota Carina TI la mwaka 1998, injini ya petroli ya 5A-FE, gia za otomatiki, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wawili, na sasa linasoma kilomita 214,000 na ushei. Kazi yake kwangu ni ndogo. Asubuhi linanipeleka shuleni, umbali usiozidi kilomita 3, mchana linanirudisha kula, jioni napitia sokoni Majengo, na Jumapili tunakwenda kanisani. Mara mbili au tatu kwa mwaka ndipo linapopata safari ya maana, kwenda kwa wazazi Singida.

Katika safari ya mwisho, tulipokwisha kuipita Kintinku na kuanza kupanda mlima wa Saranda, niliweka gia namba 2 na kukanyaga mafuta ili nilipite lori lililokuwa likijikongoja mbele yangu. Injini ilipokuwa inazunguka kwa kasi, taa nyekundu ya oili iliwaka kwa muda wa sekunde tatu hivi, ikazima, kisha ikawaka tena. Nilisimama pembeni, nikazima injini, nikatoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa kati ya alama mbili, haikupungua. Baada ya dakika 20 niliwasha tena, taa ikazima kama kawaida, nikaenda polepole mpaka Manyoni bila kuiona. Tangu niliporudi Dodoma imenitokea mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nimekanyaga mafuta kwa nguvu.

Fundi wa hapa mtaani alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaingiza kidole, kikatoka na tope jeusi zito, na upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Amenishauri tumwage oili, tutie lita 3 za dizeli zilizochanganywa na oili kidogo, tuiache injini ingurume dakika 20, halafu tumwage uchafu wote na kutia oili mpya. Fundi wa pili amesema nisihangaike na usafi, nitie oili nzito ya namba 50 na taa itazima yenyewe. Naomba kujua kama dizeli kweli husafisha, kama ipo njia ya kusafisha bila kuifumua injini, na nitajuaje kama tope limekwisha kuingia katika njia za oili zenyewe. Jambo la mwisho, asubuhi tapeti, vile vipande vya juu vinavyosukuma vali, zinalia kwa dakika chache, sijui kama yote ni ugonjwa mmoja.

Dereva wa Kizota

Dada Mwalimu, pole kwa usumbufu. Madukani zipo dawa za kusafishia injini ambazo huchanganywa na oili ya zamani dakika kumi kabla ya kuimwaga. Mimi nimeitumia mara mbili katika gari langu aina ya IST na sijaona tatizo lolote, na oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kuliko kawaida. Ni rahisi na haihitaji kufungua kitu.

Fundi wa Chang'ombe

Mwalimu, umeandika jambo moja ambalo waliokushauri hawakuliuliza, nalo ndilo lililobeba jibu lako: taa iliwaka injini ikizunguka kwa kasi. Injini ambayo beringi zake zimekwisha huonyesha ugonjwa kwa namna iliyo kinyume na hiyo. Oili ikipata moto na kuwa nyepesi, huvuja kwa wingi pembeni mwa beringi zilizolika, kwa hiyo presha hushuka gari likiwa limesimama na injini iko kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na ukikanyaga mafuta pampu huushinda uvujaji huo na taa huzima. Gari lako linafanya vingine. Pampu inapozunguka haraka huhitaji oili nyingi zaidi, na iwapo kile kichujio cha wavu kilichozama ndani ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), ambacho mafundi wengi hukiita strena, kimezibwa na uchafu, pampu huvuta lakini haipati. Ukizima injini mvuto unakwisha, takataka iliyonatia kwenye wavu inaachia na kudondoka chini, ndiyo maana baada ya dakika 20 pale Saranda gari likaonekana limepona.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia namna ya kusafisha, presha ipimwe. Swichi ya taa ya oili hufunguliwa kwa spana, mahali pake hufungwa geji ya presha yenye bomba, injini huachwa ipate moto kamili, kisha husomwa. Kwa injini ya jamii hii, vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka presha isiyopungua psi 4.3 kwenye sailensa, na kati ya psi 36 na 71 injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Ukiona sailensa inaridhisha lakini kwenye mizunguko 3,000 sindano inagoma kupanda, umekwisha kulijua jibu, shusha sampu. Hakikisha fundi anayo geji. Asiye nayo atakuambia anajua kwa kusikiliza, na mimi nimefanya kazi hii miaka mingi bila kujaliwa sikio la namna hiyo.

Sasa kuhusu dizeli. Fikiria sufuria la ugali ulioungua. Ndani yake vimo vitu viwili: ugali laini unaoondoka kwa maji na mwiko, na ukoko ulioshika chini ambao hauyeyuki, hubanduka vipande vipande. Injini yenye tope nayo ni vivyo hivyo. Lipo tope laini linalovuta kama mlenda, na upo ukoko mgumu wa oili iliyoungua, hasa kichwani kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, na kwenye kuta za juu za sampu. Dizeli italainisha lile la kwanza na kuubandua ule wa pili, na vyote viwili vitaelekea chini, kwenye wavu uleule ambao tayari umeziba. Isitoshe, muda wote huo wa dakika 20 beringi za kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zinazungukia kwenye kimiminika chepesi ambacho hakikuundwa kubeba uzito, na kinachobaki kwenye mashimo baada ya kumwaga huenda kuichafua na kuifanya nyepesi oili mpya. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi. Oili ya namba 50 nayo haina msaada wowote hapa: kama wavu umeziba, kitu kizito kitapita kwa shida zaidi kuliko chepesi, na asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba pampu itateseka.

Umeuliza utajuaje kama tope limeingia katika njia zenyewe. Oili hutoka kwenye sampu kupitia strena, ikaingia kwenye pampu, kutoka hapo ikaenda kwenye filta, na ni baada ya filta ndipo inapoingia kwenye njia kuu ya bloku inayogawia beringi kubwa za kranki, beringi za pistoni, na kichwa cha juu chenye kamshafti. Maana yake ni kwamba, filta ikiwa nzima, njia hizo hupata oili iliyochujwa. Tatizo ni kwamba filta ina vali ndogo ya dharura, na karatasi yake ikijaa uchafu vali hiyo hufunguka ili injini isikose oili kabisa, na kuanzia hapo uchafu unapita bila kuzuiwa. Basi chukua filta yako ya sasa, ikatwe kwa mkasi wa bati (usikubali msumeno, utatia chenga za chuma ambazo hazikuwamo), karatasi yake ikunjuliwe juani. Ukiona uchafu mweusi tu, shukuru Mungu. Ukiona vimulimuli vya rangi ya fedha au shaba, hizo ni beringi, na habari ya kusafisha bila kufumua injini imekwisha hapo hapo.

Na ukweli niuseme waziwazi: njia za oili ndani ya bloku na ndani ya kranki husafishwa kikamilifu injini ikiwa imefumuliwa, vizibo vya mwisho wa njia vimetolewa, brashi ndefu imepitishwa na upepo wa kompresa umepulizwa kila tundu. Yeyote anayekuahidi usafi huo kwa kopo la dawa anakuuzia kopo. Lakini injini nyingi hazifiki huko. Nyingi zinahitaji strena isafishwe, sampu na kichwa visafishwe kwa mikono, halafu kazi iliyobaki ifanywe na oili nzuri inayobadilishwa upesi upesi, kwa sababu oili ya kisasa inazo dawa za kuosha ndani yake, nazo hufanya kazi polepole bila kubandua mapande.

Tapeti nitazirudia baadaye. Hiyo injini tapeti zake si zile zinazojazwa oili ili zijirekebishe zenyewe, kwa hiyo usiunganishe magonjwa mawili kabla ya kupima.

Mkulima wa Kibaigwa

Naunga mkono maneno ya fundi, na nasema kwa uchungu. Nilikuwa na pikapu ya petroli ya kubebea mahindi, ikawa na tope kama hilo, na fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alinifanyia hiyo huduma ya dizeli. Siku ile nilifurahi kwelikweli. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami, injini ikawa kimya, nikamlipa na kumwongezea ya soda. Siku ya tatu nikatoka Kibaigwa na mzigo kuelekea Dodoma mjini, na nilipokaribia Mbande taa ya oili ikawaka. Nikajiambia kwamba huenda ni waya, kwa sababu injini ilikuwa imesafishwa juzi tu. Niliendelea kwa mwendo wa kama kilomita mbili, ndipo nikasikia mgongano kama wa nyundo chini ya miguu yangu, na injini ikanoki hapo hapo.

Sampu iliposhushwa, wavu wa strena haukuonekana kabisa. Ulikuwa umevikwa magamba meusi yaliyopangana kama magamba ya samaki, na fundi aliyefungua alipoyagusa kwa ncha ya bisibisi yalitoka yote kwa pamoja, yakiwa na umbo la wavu. Beringi ya pistoni ya pili ilikuwa imezunguka mahali pake na kuikwaruza kranki. Nilinunua injini nyingine ya mtumba. Mwalimu, taa hiyo ikiwaka safari nyingine usiende hata mita mia.

Mhandisi wa Iyumbu

Mengi yamesemwa vizuri, nami naomba kuongeza swali la kwa nini tope limetokea, maana bila kulijibu, Mwalimu atashusha sampu leo na kuishusha tena baada ya miaka miwili.

Kuunguza lita 1 ya petroli huzalisha takribani lita 1 ya maji. Sehemu kubwa hutoka kama mvuke kwenye bomba la ekzosi, lakini kiasi kidogo, pamoja na petroli isiyoungua na moshi wenye asidi, hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia ndani ya injini. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, maji na petroli hiyo hugeuka mvuke na kuvutwa kwenda kuunguzwa upya kupitia vali ndogo iitwayo PCV. Injini isipopata moto, vitu hivyo hubaki, vikachanganyika na oili iliyochakaa na masizi, na mchanganyiko huo ndio tope tunalozungumzia. Utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko ni dalili ya maji hayo. Unaweza pia kuwa dalili ya gasketi ya kichwa iliyokatika, kwa hiyo maji ya rejeta yaangaliwe kwa wiki mbili kama yanapungua.

Safari ya kilomita 3 haitoshi. Maji ya rejeta hupata moto mapema na geji ikakudanganya kwamba injini iko tayari, lakini oili huchelewa sana nyuma yake. Mwalimu anaiwasha na kuizima injini mara nne au zaidi kwa siku bila kuifikisha inakotakiwa kufika.

Hapo naomba aulize jambo moja zaidi: je, themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo? Nauliza kwa sababu katika mikoa yetu ya kati, ambako watu wanaamini kila joto ni adui, mafundi wengi huitoa themostati na kuitupa ili gari lisichemshe. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 80 hadi 84. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini hushinda ikiwa vuguvugu, hasa kwenye safari fupi za asubuhi. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na wapo wanaotumia hoja hiyo kutetea kuitoa. Hoja hiyo haina mashiko, kwa sababu mfumo wa rejeta umefungwa na kifuniko chenye presha, na ndani yake maji hayachemki kwa kipimo cha sufuria. Gari linalochemsha lina ugonjwa wake, na dawa yake si kuifanya injini iishi kwenye ubaridi.

Vali ya PCV huchomolewa juu ya kava ya tapeti na kutikiswa sikioni. Ikiwa nzima husikika ikigonga ndani, ikiwa imeganda iko kimya. Ni kifaa cha bei ndogo na hakuna sababu ya kukihurumia.

Zipo pia injini ambazo kwa asili yake hazivumilii uzembe. Nchini Marekani, mwaka 2002, Toyota ililazimika kuongeza muda wa dhamana hadi miaka 8 kwa magari ya mwaka 1997 hadi 2002 yenye injini za 1MZ-FE na 5S-FE kutokana na malalamiko ya tope, huku yenyewe ikishikilia kwamba sababu kubwa ni wateja kuchelewa kubadilisha oili. Injini ya Mwalimu haimo katika orodha hiyo. Nimelitaja jambo hili kwa ajili ya wasomaji wenye Harrier za zamani, ambazo baadhi zina injini hizo.

Mwalimu wa Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu Fundi, na ninawashukuru wote. Niliacha kuliendesha gari siku ileile niliposoma habari za Mbande, nikawa napanda daladala. Nilimpata fundi mwenye geji huko Nzuguni, gari likapelekwa kwa kuvutwa, nami nikaomba ruhusa ya siku moja kazini ili nishuhudie.

Presha kwenye sailensa, injini ikiwa ya moto, ilisoma psi 9. Alipokanyaga mafuta kufikia mizunguko 3,000 sindano ilipanda mpaka 22, ikasita, kisha nikaiona kwa macho yangu ikirudi kuelekea 20 huku mguu wake haujaondoka kwenye pedali. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni kiu." Akazima mara moja.

Kushusha sampu kulichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa kuwa ilibidi kwanza aondoe bomba la mbele la ekzosi na chuma kirefu kinachopita chini ya injini, na bolti mbili za ekzosi zilikuwa zimeota kutu. Sampu yenyewe ilikuwa imegandishwa kwa silikoni nyingi kiasi kwamba alitumia kisu chembamba kuizunguka pande zote. Ilipoachia, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba tope halikumwagika. Lilibaki limekaa chini ya sampu kama uji uliolala, na aliponipa bisibisi nilichora nalo mstari ambao haukujifunga.

Strena ilizibwa kama theluthi mbili. Nilitegemea kuona uchafu mweusi peke yake, lakini sehemu kubwa ya kilichoshika kwenye wavu ilikuwa nyuzi za silikoni ya rangi ya machungwa, laini kama tambi zilizopikwa, na magamba madogo ya ukoko yamejipenyeza katikati yake. Fundi alieleza kwamba mtu aliyewahi kufunga kava ya tapeti au sampu alipaka silikoni kwa wingi, iliyozidi ikajikunja kwa ndani, ikakatika na kudondoka. Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa wangu ilitengenezwa gereji, na wala simjui aliyefanya.

Themostati haikuwepo. Mahali pake palikuwa patupu, pamefungwa gasketi tu. Vali ya PCV ilikuwa kimya, hata alipoiloweka haikugonga. Filta ilikatwa kwa mkasi wa bati kama ulivyoagiza, tukaitandaza juani juu ya gazeti: nyeusi tupu, hakuna kinachomeremeta, na sumaku haikuokota kitu.

Alisafisha strena kwa petroli na brashi ya mswaki, akaipuliza, akaiinua juu tukaangalia jua kupitia wavu. Gasketi ya strena aliweka mpya. Kava ya tapeti nayo ilitolewa, ukoko wa kichwani ukaondolewa kwa kipande cha mti, baada ya kuziba kwa vitambaa matundu yote ambamo uchafu ungeweza kudondokea chini. Hakutumia chuma kukwangua na hakumwaga petroli kichwani. Sasa sampu imerudishwa na tunasubiri silikoni ikauke mpaka kesho. Naomba mwongozo wa oili ya kutia na namna ya kuwasha kwa mara ya kwanza.

Fundi wa Chang'ombe

Marahaba Mwalimu. Huyo fundi wa Nzuguni umtunze.

Hilo la silikoni lichukuliwe kwa uzito na wote wanaosoma. Mstari wa silikoni kwenye sampu ni wa unene wa milimita 3 hadi 5, unaopakwa mara moja bila kukatika, na upande wa ndani wa matundu ya bolti. Mafundi wengi wanapaka kama wanaoweka siagi kwenye mkate, wakiogopa kuvuja nje kwa sababu mteja ataona, na kinachojikunja ndani hawakiogopi kwa sababu mteja haoni. Pia mmefanya vema kuweka gasketi mpya ya strena. Ikipitisha hewa hapo, pampu itavuta hewa pamoja na oili, taa itawaka tena, na mtaanza kulaumu pampu isiyo na kosa.

Kesho jazeni oili kwanza, chomoeni soketi ya distribyuta ili plagi zisitoe moto, kisha pigeni stata kwa vipindi vifupi vya sekunde tano hadi taa ya oili izime. Ndipo mrudishe soketi na kuwasha. Oili iwe ya 10W-30 au 10W-40 yenye alama ya API, daraja la SL au jipya zaidi kama SN, nunua katika duka unaloliamini na uangalie kizibo kama hakijawahi kufunguliwa. Hii ya kwanza usitafute ya bei kubwa, kwa maana haitakaa. Itembee kilomita 1,000 itoke pamoja na filta. Ya pili kilomita 1,500, ya tatu 2,500, kila mara na filta mpya, na kila filta ikatwe iangaliwe. Hapo oili inaosha zile njia ambazo mikono haifiki, na filta inapokea kinachotoka. Ukiona filta ya tatu ina uchafu wa kawaida, hamia kwenye kilomita 5,000 au miezi sita, kimojawapo kitakachotangulia. Kwa safari zako fupi, miezi sita ndiyo itakayotangulia.

Themostati na PCV ziwekwe kabla ya kuwasha. Na mara moja kwa wiki litoe gari likatembee angalau nusu saa bila kuzimwa, hata kama ni kwenda Mtumba na kurudi.

Dereva wa Kizota

Mzee wangu, baada ya kusoma haya nimeingiwa na hofu juu ya dawa niliyotumia kwenye IST. Je, nishushe sampu na mimi?

Fundi wa Chang'ombe

Hapana, mwanangu, usifungue kisichoumwa. Dawa hizo, zikitumika kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, injini ikiwa kwenye sailensa bila kukanyagwa wala kuendeshwa, hazina madhara makubwa kwa injini ambayo oili yake imekuwa ikibadilishwa kwa wakati, lakini injini ya namna hiyo ndiyo isiyozihitaji. Hatari iko kwa injini kama ya Mwalimu ilivyokuwa. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kwa tochi. Ukiona chuma cha rangi ya kahawia kinachong'aa, tulia. Gari lako lina VVT-i, mfumo unaotumia oili kubadilisha wakati wa vali kufunguka, kwa hiyo lipo jambo jingine la kukumbuka: nyuma ya bolti moja kwenye kichwa kuna kichujio kidogo cha wavu kinacholinda vali ya VVT-i, kinachosahaulika mpaka gari likose nguvu. Siku ya kubadilisha oili kitolewe kisafishwe.

Mwalimu wa Nkuhungu

Narudi na majibu baada ya majuma matatu. Taa ilizima kwenye mzunguko wa tatu wa stata. Injini ilipopata moto tulifunga geji tena: psi 14 kwenye sailensa na 48 kwenye mizunguko 3,000, na sindano haikurudi nyuma hata fundi alipokaa hapo dakika nzima. Nimekwisha kutimiza kilomita 1,000, nikiwa nimefika Kondoa na kurudi ili niimalizie, na oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tii ingawa niliitia ikiwa na rangi ya asali. Filta ilikuwa na ukoko mdogo mdogo kama chenga za majani ya chai, na nyuzi mbili za silikoni. Chuma hakuna. Jirani yangu ameiomba ile oili chafu apake nguzo za uzio wake kuzuia mchwa.

Geji ya joto sasa inapanda na kutulia katikati, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu ninunue gari, na mwanzoni nilidhani linataka kuchemsha. Kinachobaki ni mlio wa tapeti wa asubuhi. Umepungua, lakini upo.

Fundi wa Chang'ombe

Huo nilikuwa nausubiri. Tapeti za injini hiyo hurekebishwa kwa vipande mviringo vya chuma vinavyokaa juu yake, tunaviita shimu, na kwa kilomita zako nafasi zake lazima zimebadilika. Gari lilale gereji usiku kucha, asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa kava ifunguliwe, na kila vali ipimwe kwa vipimo vya bati nyembamba huku akiandika namba zote 16 kwenye karatasi kabla ya kugusa shimu yoyote. Subiri tu mpaka umwage oili ya pili, ili kava ifunguliwe mara moja kwa kazi mbili, na uangalie kichwani kama ukoko umepungua. Akiirudisha kava, mwambie gasketi ni ya mpira na haihitaji kuzungushiwa silikoni. Tone dogo kwenye kona za vibebeo vya kamshafti linatosha.